Jinsi ya kupanga safari ya boti katika bandari na mito ya New York

Anayetembea katika barabara za Manhattan huuona mji kwa vipande, kwa sababu majengo yamesongamana kiasi kwamba jicho halipati nafasi ya kurudi nyuma na kuyatazama mazima. Nafasi hiyo inapatikana majini. Manhattan ni kisiwa: magharibi kimepakana na Hudson, mashariki na East River, kaskazini na Harlem River, na kusini maji hayo yote hukutana katika ghuba pana ambayo ndiyo iliyouzaa mji wenyewe. Hata hivyo, wageni wengi hununua tiketi ya kwanza wanayoonyeshwa, hupanda boti saa yoyote, huketi popote palipo wazi, kisha hurudi na picha za sanamu iliyogeuka kivuli na visogo vya abiria wenzao. Mambo matatu ndiyo yanayoamua kama safari itakuwa nzuri: njia inayopitiwa na boti, mahali lilipo jua saa hiyo, na upande utakaoketi. Hatua zinazofuata zinayashughulikia hayo kwa mpangilio ambao mtu huyakabili, tangu siku anayoanza kupanga hadi boti inaporudi gatini.

Hatua ya kwanza: Yafahamu maji yenyewe

Kati ya maji hayo matatu, ni Hudson pekee unaostahili kuitwa mto. East River ni mlango wa bahari unaounganisha ghuba ya New York na Long Island Sound, na Harlem River ni mkono mwembamba wa maji unaounganisha Hudson na East River. Hudson wenyewe hujaa na kupwa pamoja na bahari hadi mji wa Troy, takriban kilomita 246 kaskazini mwa Manhattan, na ndiyo maana mtu aliyesimama ukingoni asubuhi anaweza kuona gogo likielea kuelekea kusini, na alasiri akaliona jingine likipanda kaskazini kana kwamba mto umegeuza nia.

Msafiri ananufaika na maarifa haya kwa namna mbili. Kwanza, mkondo wa East River una nguvu, hasa mahali panapoitwa Hell Gate, karibu na panapokutana East River na Harlem River, ambapo mwendo wa maji hufika takriban kilomita 9 kwa saa. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji huvuta zaidi kuliko siku za maji mafu. Meli kubwa yenye abiria mia kadhaa haijali sana jambo hilo, lakini mtu anayechafukwa na roho upesi akipanda boti ndogo siku ya bamvua yenye upepo ataujua uzito wake. Pili, madaraja mengi ya Harlem River yako chini sana, kwa hiyo ni meli chache tu, zilizoundwa zikiwa fupi kwenda juu, zinazoweza kukizunguka kisiwa chote. Kampuni inapotangaza safari ya Manhattan, uliza waziwazi kama boti inapita Harlem River au inageuza njiani. Nyingi hugeuza, na hakuna ubaya katika hilo mradi umelijua kabla ya kulipa.

Hatua ya pili: Amua unachotaka kukiona, ndipo uchague boti

Kivuko cha Staten Island ndicho kilicho rahisi kuliko vyote, kwa sababu nauli yake iliondolewa mwaka 1997 na haijarudishwa. Vivuko hivyo vya rangi ya machungwa huondoka Whitehall Terminal, kwenye ncha ya kusini ya Manhattan, usiku na mchana, siku zote za mwaka, kwa kawaida kila baada ya dakika 30, na kwa ukaribu zaidi saa ambazo watu wanakwenda na kutoka kazini. Safari ya kilomita 8.4 huchukua takriban dakika 25. Hakuna anayetoa maelezo kwa kipaza sauti, wala kivuko hakisimami mbele ya Sanamu ya Uhuru, kwa maana ni chombo cha wakazi wanaokwenda zao. Ukifika St. George, kituo cha upande wa Staten Island, abiria wote ni lazima washuke, kisha wanaotaka kurudi huingia tena ukumbini na kusubiri. Tenga saa moja na nusu kwa safari nzima ili usikimbizane na milango. Kwa mtu mwenye siku moja tu mjini, au mwenye watoto wadogo ambao hajui watavumilia maji kwa muda gani, sioni chaguo bora kuliko hili.

Kukanyaga kisiwa cha sanamu ni jambo jingine kabisa. Ni kampuni moja tu, Statue City Cruises, yenye idhini ya mamlaka ya hifadhi za taifa ya Marekani kuteremsha abiria katika Kisiwa cha Uhuru na Kisiwa cha Ellis, ikiondokea Battery Park upande wa Manhattan na Liberty State Park upande wa New Jersey. Boti nyingine zote, hata zile ambazo matangazo yake yamejaa picha ya sanamu, hupita tu mbele yake. Tiketi ya kawaida inakupa visiwa vyote viwili pamoja na majumba yake ya makumbusho, lakini kupanda hadi kwenye taji kunahitaji tiketi ya pekee ambayo huisha mapema sana, wakati mwingine miezi kadhaa kabla. Mwenge hauingiwi na wageni tangu mwaka 1916. Anayechagua safari hii atenge nusu siku au zaidi, na nashauri asikihesabu Kisiwa cha Ellis kuwa nyongeza ya njiani. Kati ya mwaka 1892 na 1954, zaidi ya wahamiaji milioni 12 walipita hapo, na kusimama katika ukumbi ule mkubwa walimosubiri kuitwa majina kunagusa moyo kuliko kuisogelea sanamu yenyewe.

Kundi la tatu ni safari za dakika 60 hadi 90 zinazoanzia magati ya upande wa Hudson, zikashuka kusini, zikasimama kidogo mbele ya sanamu, zikapita chini ya Daraja la Brooklyn, kisha zikageuza. Zinakupa sura zinazojulikana zaidi kwa muda mfupi. Kundi la nne ni mzunguko kamili wa kisiwa, takriban kilomita 46, chini ya madaraja yapatayo 20, kwa muda wa saa mbili na nusu. Kampuni ya Circle Line imekuwa ikiendesha safari hizo tangu mwaka 1945, nayo huondokea Pier 83. Mwenye kujali jinsi mji ulivyojengwa, na si minara yake mirefu peke yake, achague huu. Nusu ya kaskazini, ambayo safari fupi haziifikii, ndiyo inayoonyesha reli, viwanja vya michezo, majabali yaliyobaki na misitu, yaani vitu ambavyo mgeni hategemei kuviona Manhattan.

Zipo pia boti za NYC Ferry, zilizoanza mwaka 2017 kwa ajili ya usafiri wa kila siku. Nauli yake ilipandishwa kuwa dola 4.50 mwezi Septemba 2024, nayo hulipwa kwa tiketi yake yenyewe, si kwa malipo ya treni za chini ya ardhi. Njia ya East River, kutoka Pier 11 karibu na Wall Street kwenda kaskazini, hupita chini ya madaraja makubwa na kutia nanga Brooklyn na Queens, kwa hiyo mtu anaweza kushuka, akatembea ukingoni, akapanda nyingine. Wanaopenda matanga wana jahazi la milingoti miwili liitwalo Pioneer, lililoundwa mwaka 1885, ambalo makumbusho ya South Street Seaport hulitembeza majira ya joto kutoka Pier 16. Na wanaopenda usanifu wa majengo wana boti ndogo zinazoondokea Chelsea Piers zikiwa na wasanifu wenyewe kama waelezaji, jambo linaloifanya bei yake ya juu ieleweke.

Hatua ya tatu: Chagua saa kwa kuangalia jua

Sanamu ya Uhuru inatazama kusini-mashariki, upande zinakotokea meli kutoka baharini. Maana yake ni kwamba uso wake huangazwa na jua la asubuhi, na alasiri jua huzunguka nyuma yake ukabaki kivuli cheusi mbele ya anga jeupe. Majengo yanayotazamana na East River nayo hung'aa asubuhi, ilhali yale ya upande wa Hudson hungoja alasiri ndipo vioo vyake viwake. Huwezi kupata yote kwa mkupuo mmoja. Anayetaka uso wa sanamu aondoke asubuhi, naye anayetaka safu ya majengo ya magharibi ikiwa na rangi ya dhahabu aondoke saa mbili kabla ya machweo. Nikilazimika kuchagua kwa ajili ya mtu mwingine, humpeleka asubuhi, kwa kuwa wakati huo hewa huwa safi, upepo haujapata nguvu na sitaha haijajaa.

Safari za machweo zinahitaji hesabu kidogo. Mwezi Juni jua huzama takriban saa mbili na nusu usiku, na mwezi Desemba saa kumi na nusu jioni, kwa hiyo safari ya saa kumi na moja jioni ni ya mchana mweupe katika msimu mmoja na ya giza katika msimu mwingine. Tafuta boti itakayokuwa majini jua linapozama na nusu saa inayofuata, kwa sababu katika nusu saa hiyo anga huwa bado na buluu huku taa za majengo zimeshawaka, na macho huviona vyote viwili. Giza likishakuwa zito, kinachobaki ni nukta za mwanga. Ni nzuri kutazama, lakini simu nyingi hushindwa kuzipiga picha katika chombo kinachotikisika.

Kuhusu majira, mwezi Mei, Juni, Septemba na Oktoba ndiyo salama zaidi. Julai na Agosti zina ngurumo za alasiri zinazoweza kuahirisha safari. Januari joto hukaribia sifuri, na upepo wa majini huongeza baridi hiyo kuliko mtu anavyodhani akiwa barabarani. Hata mwezi Juni, beba koti jepesi, kwani bandarini pana baridi kuliko mjini.

Hatua ya nne: Nunua tiketi mahali panapostahili

Nunua kwenye tovuti ya kampuni yenyewe au dirishani kwake. Eneo la Battery Park lina watu waliovaa fulana na vitambulisho vya kuning'iniza shingoni, wanaomsimamisha mgeni na kumuuzia tiketi za boti. Baadhi yao huuza tiketi halali za safari ambayo si ile uliyoiomba, na wengine wamewahi kuwauzia watu tiketi za kivuko cha Staten Island, ambacho hakina tiketi kabisa. Jibu moja linatosha: endelea kutembea. Tiketi za kisiwa cha sanamu, ukiwa upande wa Manhattan, huuzwa ndani ya Castle Clinton, ngome ya mviringo ya mawe iliyomo ndani ya bustani hiyo, na mtu hawezi kuikosa.

Kabla ya kulipa, soma masharti ya hali ya hewa. Kampuni nyingi husafiri mvua ikinyesha, na huahirisha tu kwa ukungu mzito, radi au upepo mkali. Uliza kama utarudishiwa fedha au utapewa siku nyingine, maana kwa mgeni anayeondoka kesho, siku nyingine haina thamani. Uliza pia kama tiketi inakuruhusu sitaha ya juu au inakufungia ndani ya ukumbi wenye vioo.

Hatua ya tano: Fika gatini mapema, na ujue ni gati lipi

Magati ya New York yameandikwa neno Pier na namba, na namba hizo zina mantiki inayomsaidia mgeni. Kwa upande wa Hudson, kuanzia katikati ya mji, toa 40 katika namba ya gati nawe utapata takriban namba ya mtaa ulio mkabala nalo. Pier 61 iko karibu na mtaa wa 21, Pier 79 karibu na mtaa wa 39, Pier 83 karibu na mtaa wa 43, na Pier 86, ilipo meli ya kivita ya makumbusho Intrepid, karibu na mtaa wa 46. Kanuni hii haifanyi kazi kusini kabisa mwa kisiwa wala upande wa East River, ambako Pier 11 na Pier 16 zinafuata hesabu yao wenyewe. Wapo waliokosa boti kwa kwenda mto usio wao, na kutoka ukingo mmoja wa kisiwa hadi mwingine ni mwendo mrefu katika msongamano.

Kwa Pier 83, treni hukuacha kwenye Eighth Avenue, na kutoka hapo hadi majini ni kama dakika 20 kwa miguu, au basi la M42. Kwa Whitehall Terminal na Battery, treni namba 1 hufika South Ferry na namba 4 na 5 hufika Bowling Green. Fika nusu saa kabla kwa safari za kawaida. Kwa kisiwa cha sanamu fika mapema zaidi, kwa sababu abiria wote hukaguliwa kama uwanja wa ndege na mabegi makubwa hayaruhusiwi.

Hatua ya sita: Ukishapanda, tazama usalama kwanza

Boti yoyote inayochukua zaidi ya abiria 6 kwa malipo inapaswa kukaguliwa na Walinzi wa Pwani wa Marekani, na cheti cha ukaguzi hubandikwa mahali abiria wanapoweza kukiona. Kimeandikwa idadi ya juu ya watu wanaoruhusiwa. Kitafute. Kisha tazama majaketi okozi yamewekwa wapi, na kama una mtoto, muulize baharia yale ya watoto yako sanduku gani. Kazi hiyo ni ya dakika mbili, na mahali ulipo pana sababu ya kuitimiza.

Tarehe 15 Juni 1904, meli ya mvuke General Slocum iliondoka katika East River ikiwa na wanawake na watoto wengi wa kanisa moja la Kijerumani waliokuwa wanakwenda kwenye tafrija. Moto uliwaka ndani yake ilipokaribia Hell Gate. Mipira ya maji ya kuzimia moto ilipasuka kwa uchakavu, mashua za kuokolea hazikuweza kushushwa, na majaketi okozi yaliyojazwa koki, yaani gome jepesi la mti, yalikuwa yameoza. Kina mama waliwavika watoto wao na kuwatosa majini wakiamini wataelea, na hawakuelea. Walikufa watu zaidi ya 1,000. Ukaguzi mkali unaofanywa leo ulitokana na siku kama hiyo, na njia ambayo boti yako itapita ni ile ile.

Hatua ya saba: Keti upande wa kushoto

Mzunguko kamili kwa kawaida huanza kwa kushuka Hudson, ukazunguka ncha ya kusini, ukapanda East River, ukapita Harlem River na kurudi kwa Hudson. Ukiufuata mwendo huo, Manhattan hubaki kushoto kwako, ukiwa umeelekea omoni, safari nzima. Kaa kushoto basi, sitaha ya juu ikiwezekana, na usiogope kuikosa sanamu iliyo upande wa kulia, kwa sababu nahodha hugeuza chombo mbele yake ili pande zote mbili zipate kuiona. Muulize baharia kwanza, kwani mkondo au kazi za ukarabati wa daraja huweza kugeuza mwelekeo. Katika kivuko cha Staten Island mambo ni kinyume: ukitoka Manhattan sanamu iko kulia, na ukirudi iko kushoto.

Anayechafukwa na roho akae katikati ya chombo, sitaha ya chini, aangalie ukingo wa mbali na si simu yake. Tezini pana moshi wa injini na mtikisiko, lakini ndipo panapofaa kwa picha ya majengo yanayobaki nyuma, hivyo nenda kwa dakika chache kisha rudi.

Hatua ya nane: Tazama kwa mpangilio

Ukishuka Hudson utapita Little Island, bustani iliyofunguliwa mwaka 2021 juu ya nguzo 132 za zege zenye umbo la ua, kisha One World Trade Center yenye kimo cha mita 541. Ukuta wa ukingoni unaofuata, hadi Battery, ndio ambao tarehe 11 Septemba 2001 feri, boti za kuvuta meli na boti za uvuvi ziliukaribia zikawachukua watu wanaokadiriwa kufika 500,000 kutoka kusini mwa kisiwa kwa muda wa saa tisa hivi. Waelezaji wengi huitaja minara pekee. Wewe tazama na ukuta ule.

Mbele ya sanamu boti hupunguza mwendo. Ilizinduliwa mwaka 1886, ikiwa kazi ya Frédéric Auguste Bartholdi, na mifupa yake ya chuma ilibuniwa na Gustave Eiffel. Kimo chake kutoka chini hadi mwengeni ni mita 93, lakini ngozi yake ya shaba ina unene wa takriban milimita 2.4 tu, na rangi ya kijani ni kutu ya shaba iliyoilinda mpaka leo. Piga picha mbili au tatu, kisha weka simu chini, maana utakuwa na dakika chache tu. Geuka na kusini pia: daraja la mbali linaloziba mlango wa bandari ni Verrazzano-Narrows, lililofunguliwa mwaka 1964, lenye urefu wa mita 1,298 kati ya minara yake.

Katika East River madaraja hufuatana: Brooklyn la mwaka 1883, Manhattan la mwaka 1909, Williamsburg la mwaka 1903, kisha Queensboro la mwaka 1909. La kwanza linastahili kutazamwa kutoka chini kabisa, wakati nyaya zake zinapokutana juu ya kichwa. Mhandisi Washington Roebling aliugua kwa kufanya kazi ndani ya misingi iliyochimbwa chini ya mto, na kwa miaka mingi mkewe, Emily Warren Roebling, ndiye aliyepeleka maagizo kwa wajenzi na kusimamia mawasiliano yote. Ukipita majengo ya Umoja wa Mataifa kushoto, utaona Roosevelt Island kulia, na kwenye ncha yake ya kusini magofu ya hospitali ya ndui iliyofunguliwa mwaka 1856.

Hell Gate haionekani kuwa ya kutisha leo, na hiyo ni kazi ya wanadamu. Miamba yake ilizamisha meli nyingi hadi tarehe 10 Oktoba 1885, jeshi la wahandisi lilipoulipua mwamba mmoja kwa takriban tani 136 za baruti. Angalia uso wa maji mahali hapo: bado unajikunja na kuzunguka, hata siku isiyo na upepo.

Harlem River ni mahali abiria wengi huingia ndani kunywa kahawa, nao hupoteza sehemu ninayoipenda kuliko zote. Madaraja yanayozunguka juu ya mhimili au kunyanyuka yanakaribia kugusa kichwa, Yankee Stadium huonekana upande wa Bronx, na High Bridge ya mwaka 1848, daraja kongwe kuliko yote mjini, husimama juu kwa tao la chuma na matao ya mawe. Lilijengwa ili kubeba maji safi yaliyotoka Croton, na tangu mwaka 2015 watembea kwa miguu wamerudishiwa njia juu yake. Mwishoni kabisa, mbele ya jabali lenye herufi C kubwa iliyopakwa rangi na wapiga makasia wa Chuo Kikuu cha Columbia, kuna daraja la reli la Spuyten Duyvil, ambalo maji yakijaa huwa mita 1.5 tu juu ya uso wa maji. Boti yako italazimika kungoja lizungushwe, na ikiwa treni inapita, mtangoja zaidi. Usikasirike. Hakuna mahali pengine katika safari hii ambapo utaona reli, mto na mji vikipeana zamu mbele ya macho yako.

Lango likifunguka, Hudson hutanuka ghafla, na ng'ambo huinuka magenge ya Palisades ya New Jersey. Daraja la George Washington la mwaka 1931, lenye mita 1,067 kati ya minara yake, lina mnara mdogo mwekundu wa taa chini ya mguu wake wa Manhattan. Uangalie kushoto unapolipita daraja. Kutoka hapo hadi gatini abiria huanza kukusanya mizigo. Bakia sitahani. Katika maji haya, mkabala na mitaa ya katikati ya mji, ndipo ndege ya abiria ilipotua tarehe 15 Januari 2009 baada ya injini zake zote mbili kuharibiwa na ndege wa angani, na feri zilizokuwa katika ratiba zao za kawaida zikaifikia baada ya dakika chache. Watu wote 155 waliokuwamo waliokolewa.

Kushuka huchukua dakika 10 hadi 15 boti ikiwa imejaa, na njia ya kwenda mtaani ni nyembamba, kwa hiyo usipange tiketi ya tamthilia au treni ya masafa ndani ya saa moja baada ya muda wa kurudi ulioandikwa. Bakshishi kwa mwelezaji na mabaharia ni jambo la kawaida hapa, nao huipokea mlangoni unaposhuka, hivyo weka noti ndogo za dola mfukoni kabla ya kusimama kwenye foleni.